Jile linalojaa gesi: linamfaa nani kwenye Ziwa Kivu?

Tangu boti ya Merdi ilipozama mbele ya bandari ya Kituku, tarehe 3 Oktoba 2024, ikitokea Minova na watu waliozidi uwezo wake, jile la kuokoa maisha limekuwa mazungumzo ya kila siku hapa Goma. Abiria anauliza liko wapi kabla hajalipa nauli. Mvuvi analiagiza kwa ndugu aliye Ubelgiji. Mama anayevusha mananasi kutoka kisiwa cha Idjwi anataka kujua bei. Na humo humo limeingia sokoni jile la sura ngeni: jembamba, halina sponji, limekunjwa ndani ya kitambaa kinachozunguka shingo na kushuka kifuani. Lipo pia la kiunoni, dogo kiasi kwamba asiyejua hudhani ni pochi ya pesa.

Muuzaji mmoja wa mitumba, upande wa Birere, alilisifia hivi: "Papa, hii inajaza yenyewe. Hata kama haujue kuogelea, haina shida." Mvuvi niliyekuwa naye akalibonyeza, akakuta hakuna kitu ndani, akacheka. Kwake hiyo ilikuwa feki tupu. Jile lile halikuwa feki. Lakini sifa za muuzaji nazo hazikuwa kweli, na kati ya wawili hao ni muuzaji ndiye aliyenitia hofu.

Tuanze na jambo la msingi. Mwili wa binadamu sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo ukiingia ziwani karibu uzito wako wote hubebwa na maji yenyewe. Kinachobaki ni kidogo: mtu mzima wa kawaida akiongezewa nguvu ya kunyanyua kilo nne au tano, kichwa chake hukaa juu. Ndiyo maana mtu wa kilo 100 hahitaji jile lenye nguvu mara mbili ya lile la mtu wa kilo 50. Anahitaji tu mikanda inayomfika. Wengi huamini kwamba mnene ndiye huzama upesi. Ni kinyume. Mafuta ya mwili huelea, na kijana mkavu mwenye misuli, yule anayevuta nyavu usiku kucha, ndiye anayeshuka haraka zaidi.

Nguvu hiyo ya kunyanyua hupimwa kwa niutoni. Fungua jile lolote la maana, utaikuta imeandikwa ndani: 50N, 100N, 150N au 275N. Gawanya kwa 10, unapata kilo. Kwa kanuni ya kimataifa iitwayo ISO 12402, jile la 50N ni la mtu anayejua kuogelea, aliye karibu na msaada. Litamsaidia kuelea, lakini akizimia na uso ukiwa chini, halitamgeuza. La 100N ni la maji matulivu. La 150N ni la maji ya wazi yenye mawimbi, na limetengenezwa ili limgeuze hata aliyepoteza fahamu, alale chali, pua na mdomo viwe nje. La 275N ni la watu wa baharini wanaovaa nguo nzito na kubeba vifaa vya kazi. Kwetu sisi hilo la mwisho ni nadra kuhitajika.

Sasa chukua bidoni ya njano ya lita 20, ile ya kuchotea maji. Ifunge kifuniko vizuri, itupe ziwani: inaweza kubeba karibu kilo 19 isizame. Jile la sponji ni bidoni iliyokwisha kufungwa. Hewa imefungiwa ndani ya vishimo vidogo vidogo vya sponji na haina pa kwenda. Ukilitoboa kwa kisu, umeharibu vishimo vichache tu, vilivyobaki vinaendelea kukubeba. Jile linalojaa gesi ni bidoni iliyobanwa ikawa bapa. Litakubeba, tena vizuri kuliko la sponji mara nyingi, lakini sharti kwanza kitu fulani kilijaze, na sharti lisiwe na tundu hata moja.

Tofauti zote nyingine zinatoka hapo.

Ndani ya jile jembamba

Ukifungua kitambaa cha juu utaona kifuko cha plastiki ngumu kilichokunjwa. Chini yake, upande mmoja, kuna chupa ndogo ya chuma, nene kidogo kuliko kidole gumba, iliyofungwa kwa kuzungushwa kama bulbu ya skurubu. Ndani yake mna kaboni dayoksaidi iliyoshindiliwa, kwa kawaida gramu 33 kwa jile la 150N la mtu mzima. Mdomo wa chupa umezibwa kwa bati jembamba. Mbele ya bati hilo inasubiri sindano. Sindano ikitoboa bati, gesi yote hutoka kwa pumzi moja na kifuko huvimba ndani ya sekunde chache. Gramu 33 zikiwa huru ni kama lita 18 za gesi, yaani unakaribia bidoni yetu. Nimesikia watu wakiuliza kama vifaa hivi vilivyotengenezwa kwa ajili ya bahari vinaweza kufanya kazi juu huku. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa hapa inabana kidogo kuliko pwani, kwa hiyo gesi ile ile hutanuka zaidi, si pungufu. Kimo hakina ubaya wowote kwa jile.

Na kwa kuwa tuko Goma, wacha niseme: ndiyo, hiyo ni gesi ile ile ya mazuku, hewa ya kuua inayotoka ardhini huku kwetu. Ni gesi ile ile pia inayotoa mapovu kwenye soda. Inaua pale inapojikusanya bondeni ikachukua nafasi ya hewa unayovuta. Ikiwa imefungwa ndani ya kifuko kifuani pako haikudhuru kitu.

Kinachoisukuma sindano ndicho kinachotenganisha majile haya, na hapa ndipo mnunuzi anapaswa kuuliza maswali mengi. Aina ya kwanza ni ya kuvuta kwa mkono. Kuna uzi unaoning'inia chini na kishikio, unauvuta kwa nguvu, basi. Usipouvuta hakuna kinachotokea, hata ukikaa chini ya maji mpaka kesho. Aina ya pili ina kidonge, au kipande cha karatasi iliyoshindiliwa, kinachozuia springi. Kidonge kikilowa kinayeyuka, springi inafyatuka, sindano inatoboa. Hiyo ndiyo "inajaza yenyewe" ya muuzaji wa Birere. Aina ya tatu haitazami kulowa bali kina: ina mlango mdogo unaofunguka pale tu maji yanapoukandamiza kwa kina cha sentimita kumi hivi, kwa hiyo mvua na maji ya kurushwa haviuchezi. Ni ghali kuliko zote. Aina hizi mbili za kujifyatua huwa pia na uzi wa kuvuta, na majile yote yana mrija wa kupuliza kwa mdomo ulio karibu na bega, kama mengine yote yakishindwa.

Mrija huo watu huusahau. Usisahau kitu kingine kuuhusu: ukishapuliza kifuko kikajaa, usivute uzi tena. Gesi ya chupa ikiingia juu ya pumzi zako inaweza kupasua kifuko.

Mvuvi wa sambaza

Nimeshuhudia kwa nini wavuvi wetu hawapendi jile la sponji, na siwalaumu. Sambaza, samaki wadogo waliohamishiwa hapa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, huvuliwa usiku: mitumbwi mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu, taa zinaita samaki, wavu unashushwa kati kati, kisha watu wanauvuta kwa mwendo mmoja huku wakiimba. Mtu anatembea juu ya mti uliolowa akiwa na kamba mkononi. Jile nene la sponji linakwama kwenye wavu, linamtoa jasho, linamzuia kuinama. Analivua na kulikalia. Na jile lililokaliwa halijawahi kumsaidia mtu aliyeteleza gizani.

Jambo hilo si la Kivu peke yake. Katika takwimu za Walinzi wa Pwani wa Marekani za mwaka 2022, kati ya waliokufa maji kwenye ajali za boti za starehe na ambao hali yao ilijulikana, 85 hivi kwa kila 100 hawakuwa wamevaa jile. Kwa hiyo hoja ya jile jembamba ina nguvu: mtu hulivaa akasahau kama analo. Mvuvi anayelivaa usiku kucha ana nafuu kuliko mwenzake mwenye la sponji chini ya makalio.

Lakini mtumbwi wa uvuvi ni mahali pabaya kwa kifuko cha hewa. Kuna ndoana. Kuna kisu. Kuna miiba ya mgongoni ya tilapia, na anayejua samaki huyo anajua inavyochoma. Kuna kioo cha moto cha karabai, na siku hizi kuna betri za taa ambazo maji yake ya asidi hula kitambaa polepole bila mwenyewe kuona. Tundu la ndoana kwenye sponji ni tundu tu. Tundu lile lile kwenye kifuko linamaanisha kwamba gesi inayotoka chupani inapita moja kwa moja ziwani, na niutoni 150 zilizoandikwa zinabaki kuwa maandishi. Mbaya zaidi, tundu hilo halionekani, kwa sababu kifuko kimekunjwa ndani ya kitambaa.

Halafu kuna mvua. Mtu wa hapa hahitaji kuambiwa mvua ya Kivu ilivyo, inavyoshuka kutoka milimani ghafla na upepo wake. Jile la kidonge likilowa vya kutosha linaweza kufyatuka hapo hapo mtumbwini, saa nane usiku, wakati hakuna aliyeanguka. Likishafyatuka chupa ni tupu. Haijazwi upya: inatupwa na kufungwa nyingine ya uzito ule ule na skurubu ile ile, pamoja na kidonge kipya. Ulaya mtu anakwenda dukani kesho yake. Hapa anaweza kusubiri miezi mpaka mtu apite Kigali, na katika miezi hiyo ataendelea kulivaa, kwa sababu limekunjwa vizuri na kwa nje linaonekana zima.

Na kuogelea. Wavuvi wengi wanaofanya kazi juu ya maji haya yenye kina cha zaidi ya mita 480 hawajui kuogelea. Walijifunza kafi na wavu, hakuna aliyewafundisha kingine. Kwao jile la gesi lina kasoro moja ambayo haizibiki. Kati ya kuanguka na kuvimba kuna sekunde ambazo mtu yuko peke yake. Ikiwa ni la kuvuta, lazima mkono uutafute uzi gizani huku maji yakiingia puani. Ikiwa limegoma, lazima mtu aelee kwa miguu yake huku akipuliza mrija. Jaribu siku moja kando ya ziwa, pale unapogusa chini, na mtu akiwa pembeni: utapuliza mara chache tu kabla hujaanza kuhema. Hao hao Walinzi wa Pwani wa Marekani hawapendekezi jile la gesi kwa asiyejua kuogelea, na kwa miaka mingi hawakuliidhinisha kwa aliye chini ya miaka 16. Muuzaji anapokwambia "hata kama haujue kuogelea", anakugeuzia maelekezo juu chini.

Kwa hiyo, maoni yangu. Mvuvi wa sambaza anayejua kuogelea, anayeweza kupata jile la aina ya tatu, lile la kina, na mwenye chupa ya akiba nyumbani, alinunue na alivae. Akiweza kupata la kuvuta tu, alivae pia, lakini ajue kwamba mti ukimgonga kichwani akaanguka amezimia, halitafanya kitu. Asiyejua kuogelea atafute jile la sponji lililokatwa makwapa mapana, fupi, lisilofika kiunoni, ambalo linamwachia mikono. Yapo, hayauzwi kwa wingi kwa sababu wanaoagiza huleta yale ya rangi ya chungwa ya abiria, manene, ambayo hayakutengenezwa kwa ajili ya mtu anayefanya kazi.

Anayepiga kafi

Hapa jibu ni fupi zaidi. Jile la kidonge na mpiga kafi hawapatani. Mtumbwi mdogo una maji chini muda wote, kafi inarusha matone kila inapopanda, na mara kwa mara unainama kuyakumba maji kwa kopo. Litafyatuka siku usiyotaka. Hata likifyatuka siku unayotaka, yaani mtumbwi umepinduka, kifuko kilichovimba kifuani kitakuzuia kulala juu ya ubavu wa mtumbwi ili upande tena. Dawa ya hilo ni kukandamiza ulimi mdogo ulio ndani ya mrija wa kupuliza, upunguze hewa kidogo, upande, kisha upulize tena. Ni kitu cha kufanyia mazoezi, si cha kukumbuka kwa mara ya kwanza ukiwa katikati ya Idjwi na Kalehe.

Lile la kiunoni lina watu wake. Wanaosimama juu ya ubao na kupiga kafi kwa starehe, kama wageni waliokuwa wakifika kisiwa cha Tchegera cha Hifadhi ya Virunga, hulipenda kwa sababu halileti joto. Kwa kawaida ni la kuvuta. Likivimba linatokea mbele ya tumbo, na wewe mwenyewe lazima ulipitishe kichwani. Ni kifaa cha muogeleaji hodari, mchana, karibu na ufuo, ubao wake ukiwa umefungwa mguuni kwa kamba. Anayevuka kwa saa kadhaa na mzigo si mtu huyo.

Kwa mpiga kafi wa kweli, jile la sponji la 50N hadi 100N, lenye mikanda ya kubana ubavuni, linashinda. Halina cha kusahau na halina cha kuisha.

Nikiri jambo moja ambalo watu wa Ulaya hulitilia mkazo na kwetu lina uzito mdogo. Maelekezo yao yanasisitiza jile lijifyatue lenyewe kwa sababu maji yao ya baridi humfanya mtu avute pumzi kwa mshtuko na mikono kufa ganzi ndani ya dakika chache. Uso wa Kivu una nyuzi joto 24 hivi. Mikono yako itaendelea kufanya kazi. Usiku kucha ndani ya maji hayo bado utakuchosha na kukutetemesha, lakini hapa kinachoua kwanza ni kutokujua kuogelea, giza, msongamano na kufungiwa ndani.

Ndani ya boti yenye paa

Hilo la kufungiwa ndani nalitaka lisomwe polepole. Boti nyingi za abiria kati ya Goma, Minova na Bukavu zina paa, na nyingine zina kuta na madirisha. Boti ikilala ubavu, maji yanajaa kutoka chini, na njia ya kutoka mara nyingi iko chini ya uso wa maji. Inabidi uzame kidogo ndipo utoke. Sasa fikiria una jile lililovimba kwa nguvu ya kilo 15. Linakubandika kwenye dari.

Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa nyara iliishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na ufuo wa Komoro. Watu 125 walikufa kati ya 175. Kadhaa miongoni mwao walikuwa wamejaza majile yao wakiwa bado ndani ya ndege, na maji yalipoingia hawakuweza kushuka kuufikia mlango. Ndiyo sababu mhudumu wa ndege hukwambia ulijaze ukishatoka mlangoni.

Kwa hiyo abiria wa boti yenye paa akivaa jile la gesi, liwe la kuvuta kwa mkono, asilivute mpaka awe nje. La kidonge lisivaliwe kamwe humo ndani. Na la sponji? Nalo linakusukuma juu, siwezi kuficha, ingawa lenye nguvu ndogo unaweza kupigana nalo. Linabaki kuwa chaguo la abiria kwa sababu halihitaji maelezo, na abiria mia mbili hawawezi kufundishwa uzi na mrija wakati wa kung'oa nanga. Dawa ya kweli ya paa ni kukaa karibu na upenyo na kuvaa jile tangu bandarini. Aprili 2019, baada ya boti kuzama upande wa Kalehe na watu wengi kupotea, Rais Félix Tshisekedi alitangaza kwamba kuvaa jile ni lazima kwa kila abiria. Agizo hilo linazungumzia kuvaa. Majile yaliyofungwa kwa kamba kwenye dari hayatimizi kitu.

Mtoto mgongoni

Hakuna kitabu cha maelekezo kutoka Ulaya kinachojibu swali hili, kwa sababu huko halipo. Mama wa Idjwi anapanda mtumbwi na mtoto amefungwa kwa kitenge mgongoni. Anapewa jile. Je, analivaa juu ya mtoto, au chini yake?

Kumbuka jile la 150N, liwe la gesi au la sponji, limetengenezwa ili limlaze mtu chali. Nguvu yake iko kifuani na nyuma ya shingo. Mama akianguka, jile litafanya kazi yake sawasawa: litamgeuza uso juu, na mgongo wake utakuwa chini ya maji pamoja na aliye mgongoni. Hakuna namna ya kuvaa inayoondoa hilo. Mtoto afunguliwe kabla ya kuondoka, avae jile lake la sponji la uzito wake, lenye mkanda unaopita kati ya miguu ili lisimtoke kichwani, na mama amshike mbele. Kama hakuna jile la mtoto kwenye mtumbwi ule, basi hakuna nafasi ya mtoto kwenye mtumbwi ule. Najua ni rahisi kuandika hivyo kuliko kuambiwa hivyo pale ufukweni jua linapozama.

Kuhusu gesi ya ziwa

Swali hili hurudi kila mara: kwa kuwa Kivu ina methani na kaboni dayoksaidi, je, maji yake si "mepesi", na majile hayapungukiwi nguvu? Hapana. Gesi hizo zimeyeyuka chini sana, kwa wingi zaidi kuanzia mita 260 kwenda chini, zikishikiliwa na uzito wa maji yaliyo juu. Maji unayoogelea yanakubeba kama maji ya ziwa jingine lolote. Hatari ya gesi kwa mwogeleaji iko kwingine: kwenye kingo chache za huku kaskazini ambako mazuku hutambaa mpaka juu ya maji. Hapo jile halikusaidii, kwa sababu tatizo ni unachovuta puani.

Kulipima kabla ya kuliamini

Jile la gesi la mtumba linaweza kupimwa mezani, bila fundi. Fungua chupa kwa kuizungusha, utazame ncha yake kwenye mwanga. Bati likiwa na tundu dogo katikati, imeshatumika. Likiwa zima, bado pima: ubavuni pameandikwa uzito wa chini wa chupa ikiwa imejaa. Mizani ya jikoni haitoshi kila mara. Mizani ndogo ya wanunuzi wa dhahabu mjini inatosha kabisa, na hawakatai kukupimia. Ikiwa pungufu, gesi imevuja. Kutu kwenye shingo ya chupa nayo ni sababu ya kuikataa.

Kisha puliza kifuko kwa mdomo mpaka kiwe kigumu, ukiache usiku kucha. Asubuhi kikiwa kimelegea, kina tundu. Kizungushe ndani ya beseni la maji utafute mapovu. Tazama tarehe ya kidonge: hudumu kama miaka mitatu, na unyevunyevu hukipunguzia. Kifaa cha aina ya tatu kinabadilishwa kizima baada ya miaka mitano hivi. Haya yote yanarudiwa kila mwaka. Na usilivae chini ya koti la mvua lililofungwa zipu. Likivimba humo litakubana kifua.

La sponji nalo halistahili imani ya bure. Januari 2016 polisi wa Izmir, Uturuki, walikamata zaidi ya majile 1,000 ya bandia yaliyokuwa yakishonewa wakimbizi, yakiwa na sponji inayonyonya maji. Kila linalofika kwetu bila alama ya niutoni lipime hivi: lilowekwe usiku kucha kwenye beseni likiwa limekandamizwa kwa jiwe. Asubuhi litikise. Likiwa zito na linatiririsha maji kutoka ndani ya sponji yenyewe, si kitambaani tu, ni godoro.

Limebaki la ndugu aliye ng'ambo. Mashirika ya ndege huruhusu abiria kusafiri na jile na chupa zake, mbili zilizofungwa humo na mbili za akiba, lakini kwa idhini yao wenyewe, na mtu asiyeomba mapema mara nyingi hunyang'anywa chupa uwanjani. Jile linafika kitambaa kitupu. Ukiwa nalo la namna hiyo, na unapanda mtumbwi usio na paa, lipulize kwa mdomo hapo ufukweni mpaka lishibe, ulivae hivyo hivyo, ukae mbali na ndoana. Na umwandikie ndugu yako aina ya chupa, gramu zake na alama iliyo kwenye skurubu, ukiwa umezisoma kwenye jile lenyewe, kwa sababu chupa ya jile moja mara nyingi haiingii kwenye jingine.